Mtaa unaokamata ujifunze kudhamini

Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akishatamka kwamba dhamana iko wazi, ndugu waliokaa kwenye mabenchi hudhani mtu wao ameshatoka. Bado. Uzito uko kwenye maneno yanayofuata: wadhamini wawili wa kuaminika, kila mmoja awe na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake na nakala ya kitambulisho cha NIDA, kisha asaini bondi ya kiasi kilichotajwa. Kwa aliyezaliwa na kukulia Magomeni, Dar es Salaam, hiyo ni kazi ya simu mbili tatu. Kwa kijana aliyeshuka Mbezi Luis mwaka jana akitokea Kigoma au Singida, akapanga chumba kimoja Msakuzi au Makabe na kuanza kuendesha bodaboda, masharti hayohayo hayatekelezeki. Mwenye nyumba anamjua kwa jina moja tu. Mjumbe hajawahi kumwona. Ndugu wa karibu yuko safari ya siku nzima, na simu yenye namba yake iko kaunta ya polisi pamoja na mkanda na viatu. Jioni kijana huyo anapanda karandinga kwenda mahabusu kwa kosa ambalo sheria yenyewe inasema anaweza kudhaminiwa, na ambalo hakimu hakuona sababu ya kumnyima dhamana. Amekosa mtu wa kusimama na kusema kwamba huyu tunamjua, anaishi kwetu na siku ya kesi atakuja.

Mjadala wa haki jinai nchini umezoea kuanzia juu. Tume ya Rais ya Kuangalia Jinsi ya Kuboresha Taasisi za Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizinduliwa Januari 31, 2023 na kukabidhi ripoti yake Julai 15 mwaka huohuo. Tangu hapo tumezungumza sana kuhusu muundo wa Polisi, chombo huru cha upelelezi, kesi zinazochelewa na msongamano magerezani. Ni mazungumzo ya lazima, nami siyapuuzi. Ila ofisi ya serikali ya mtaa, ile yenye meza moja, bendera na foleni ya watu wanaotaka mhuri, haitajwi sana, ingawa kila siku inashiriki kuamua nani alale kwake na nani alale Gereza la Keko. Nayo jamii, inapotaka kuwasaidia walio gerezani, hungoja Ramadhani, Pasaka au Siku ya Wanawake, kisha hubeba sabuni, sukari, taulo za kike na mikeka hadi Gereza la Segerea. Mama aliyeko ndani na mtoto mchanga anaihitaji sabuni hiyo leo, na wanaoipeleka wanastahili shukrani. Hata hivyo naamini msaada mkubwa kuliko wote ambao mtaa unaweza kumpa mtu aliyekamatwa ni ule wa siku mbili za mwanzo, nao ni kumdhamini.

Takwimu zinaonyesha kwa nini. Desemba 9, 2019, akihutubia taifa kwenye sherehe za Uhuru jijini Mwanza, Rais John Magufuli alisema magereza yetu yana watu 35,803, kati yao wafungwa 17,547 na mahabusu 18,256. Nafasi zilizopo zilikuwa kama 30,000. Maana yake, wengi wa waliokuwa nyuma ya kuta zile walikuwa bado hawajahukumiwa. Siku hiyo Rais alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533, na Aprili 26, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitoa msamaha uliowagusa wafungwa 5,001. Ni idadi kubwa, na kila mara msamaha kama huo hutangazwa kama dawa ya msongamano. Lakini Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kumsamehe mtu aliyekwisha kutiwa hatiani, na mahabusu hajatiwa hatiani kwa lolote. Ibara ya 13 inataka achukuliwe kuwa hana kosa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Matokeo yake, mwizi aliyethibitika anaweza kuachiwa sikukuu ya Muungano, huku jirani yake wa mkeka, anayesubiri kesi ya kutukana hadharani au kuvunja kioo cha duka, akibaki. Ilipobidi kuwagusa mahabusu, Julai 2019, Rais Magufuli aliingia mwenyewe Gereza la Butimba akawasikiliza, na mamia ya mahabusu Kanda ya Ziwa wakaachiwa baada ya mashtaka yao kupitiwa upya. Nchi haiwezi kuendeshwa kwa utaratibu wa Rais kuzunguka gereza kwa gereza.

Si kila mahabusu angetoka kwa barua ya mtaa, na haitakuwa haki kumdanganya msomaji. Zipo kesi ambazo sheria haitoi dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, usafirishaji haramu wa binadamu, na nyingine kadhaa. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Paulo Sanga, ilisema kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa hayo kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa mtu mwenye kesi ya namna hiyo, anayesikia kila baada ya siku 14 kwamba upelelezi haujakamilika, mwenyekiti wa mtaa hana la kufanya. Hilo ni deni la Bunge na la ofisi ya mashtaka. Lakini tukiitazama sheria hiyo tu, tunasahau kesi za kawaida zinazojaza vitabu vya Mahakama za Mwanzo: wizi mdogo, shambulio la kawaida, ugomvi wa kilabuni, simu iliyopotea mikononi mwa fundi. Hizo zote zina dhamana. Anayebaki ndani kwa kesi kama hizo ni yule tu asiye na watu.

Na Mbezi Luis imejaa watu wasio na watu. Zamani ilikuwa pembezoni mwa Kinondoni, eneo la mashamba na mabanda ya kuku kandokando ya Barabara ya Morogoro. Sasa iko katika Wilaya ya Ubungo, ambayo Sensa ya 2022 iliikuta na wakazi zaidi ya milioni 1. Tangu Kituo cha Mabasi cha Magufuli kifunguliwe Februari 2021, mlango mkuu wa jiji kwa anayetoka bara uko hapo. Wanaoshuka na begi moja hawaendi mbali. Wanaingia kwenye upigadebe, ubebaji mizigo, uuzaji wa maji na karanga, au kwenye bodaboda ya mkataba. Huyu wa mkataba tumtazame kwa karibu. Pikipiki si yake. Kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, na akimaliza miezi waliyokubaliana, chombo kinakuwa chake. Akikaa mahabusu wiki mbili, hesabu imekatika na tajiri ameshampa pikipiki kijana mwingine, pamoja na miezi yote aliyokwisha kulipia. Akikaa miezi mitatu, kodi ya chumba imeisha na godoro lake liko nje. Mke, kama yupo, analazimika kupanda gari la kupita Malamba Mawili na Kinyerezi hadi Segerea na chakula mkononi, siku ambayo angeuza vitumbua. Mahakama inaweza kumwachia huru mwishoni, na bado adhabu ameshaitumikia yeye na familia yake. Mbaya zaidi, wengine hukiri kosa wasilolitenda ili walipe faini waondoke. Wameona kwamba kesi ya mtu aliye nje inaweza kusubiri, lakini mtu aliye ndani hawezi.

Cha kusikitisha ni kwamba mtaa haujalala kuhusu haki jinai. Umejipanga vizuri sana, ila kwa nusu moja tu. Michango ya ulinzi shirikishi hukusanywa nyumba kwa nyumba. Vijana wa doria wanajulikana kwa majina. Polisi kata ana namba yake ya simu ukutani. Filimbi ikipigwa saa nane usiku, dakika tano hazipiti kabla watu hawajatoka. Kwa kazi ya kukamata tuna kamati, fedha, zamu na uzoefu wa miaka. Kwa kazi inayofuata, yaani kuhakikisha aliyekamatwa anapita katika mkondo wa sheria bila kuvunjika, hatuna hata daftari. Na uwezo hatukosi. Akifa mpangaji aliyehamia miezi miwili iliyopita, jioni hiyohiyo turubai limefungwa, mchango umepita na mtu wa kusindikiza mwili hadi Kasulu amepatikana, wala hakuna anayeuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Kinachotakiwa si kikubwa. Barua ya utambulisho kwa ajili ya dhamana itolewe siku hiyohiyo inapoombwa, Jumamosi na Jumapili zikiwamo, bure. Malalamiko ya wananchi kutozwa chochote ili mhuri ugongwe ni ya siku nyingi, na hayafai kuendelea katika jambo ambalo Polisi wenyewe wamebandika tangazo lake ukutani: dhamana ni bure. Mtaa uwe na watu wachache wenye vitambulisho na makazi yanayojulikana, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, imamu, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, ambao wako tayari kufuatilia mkazi aliyekamatwa: kujua yuko kituo gani, kumtafuta ndugu yake, kuthibitisha anapoishi, na asipopata mdhamini, kulipeleka mahakamani neno la maandishi kwamba ni mkazi wa kweli. Hakimu ana uwezo wa kumruhusu mshtakiwa ajidhamini mwenyewe. Mara nyingi anachokosa ni taarifa za kumpa imani. Halafu siku moja kabla ya kesi, mtu ampigie simu mshtakiwa kumkumbusha. Wapo wanaokosa kufika mahakamani kwa kusahau tarehe au kwa kukosa nauli, na hati ya kukamatwa ikishatoka, wanahesabiwa pamoja na waliotoroka.

Wenzetu wamelijaribu hili. Malawi, tangu mwaka 2000, wasaidizi wa kisheria wamekuwa wakiingia vituo vya polisi, magerezani na mahakamani kuwaelimisha mahabusu kuhusu dhamana na kuwatafutia ndugu wa kuwadhamini, na mahakimu wenyewe wamekuwa wakienda magerezani kupitia orodha za mahabusu. Kenya ilitoa mwongozo wa dhamana mwaka 2015, na maofisa wa uangalizi huiandikia mahakama taarifa kuhusu makazi, kazi na familia ya mshtakiwa kabla dhamana haijaamuliwa, ili umaskini usichukuliwe kuwa dalili ya kutoroka. Kwetu sheria haijakosekana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imezunguka mikoani ikisikiliza zaidi migogoro ya ardhi, ndoa na mirathi. Sioni sababu ya kampeni hiyo kutoweka meza moja nje ya kituo cha polisi.

Watu wa Mbezi wana pingamizi zao, na la kwanza ni zito. Watasema: tumeibiwa mitungi ya gesi, tumevunjiwa madirisha, mwaka 2022 magenge ya panya road yalitufanya tulale na mapanga chini ya kitanda, leo unatuambia tuwadhamini? Hasira hiyo ina haki yake. Bibi aliyeporwa mtaji wake wa mkaa hana wakili wala kampeni, na mara nyingi haelezwi hata kesi yake imefikia wapi. Ila tujiulize hasira hiyo inatupeleka wapi. Wengi tunaichukulia dhamana kama kuachiwa. Tukimwona mtuhumiwa sokoni siku ya tatu, tunakata shauri kwamba amehonga. Kutokana na imani hiyo, safari ijayo hatumpeleki polisi, tunammaliza wenyewe. Ripoti za haki za binadamu za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikieleza mwaka hadi mwaka jinsi wananchi kujichukulia sheria mkononi kunavyoua watu, wakiwamo wasiohusika. Mtaa ulioshiriki kumdhamini mtu unajua kesi yake iko mahakama gani na inatajwa lini, na bibi wa mkaa naye anaweza kuambiwa tarehe. Kuhusu panya road, anayevamia nyumba kwa panga anashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na kosa hilo halina dhamana. Hofu yetu kwa wahalifu hao haiwezi kuwa sababu ya kumwacha ndani kijana aliyegombana na konda.

Pingamizi la pili ni la mdhamini mwenyewe: akitoroka mtu, nani atalipa bondi? Atalipa aliyesaini, na akishindwa anaweza kujikuta yeye ndiye mwenye kesi. Ndiyo maana sisemi mtaa udhamini kila mtu. Mwenye rekodi ya kuruka dhamana, asiyejulikana na yeyote, au aliyetishia mashahidi, mtaa una haki ya kukaa kimya, na hakimu ataamua. Lakini pasipokuwa na mdhamini wa kweli, nafasi yake inajazwa na vishoka wanaozunguka nje ya mahakama, wanaomdhamini mtu wasiyemjua jina kwa ujira wa siku, huku barua zao zikiwa za kutilia shaka. Hapo mshtakiwa akitoroka, mahakama haimpati yeye wala mdhamini. Kiongozi wa kijiwe anayejua namba ya kizibao cha kijana, mahali anapolala na tajiri wake ni nani, ni kamba imara kuliko bondi ya milioni mbili iliyosainiwa na mpita njia.

Linalonipa shaka zaidi ni la siasa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, chama tawala kilitangazwa mshindi wa karibu viti vyote vya uenyekiti. Mwenyekiti akipewa uzito zaidi katika dhamana, mkazi wa chama kingine, au aliyewahi kumhoji hesabu za mtaa, atapata barua? Sina jibu jepesi, ila najua kwamba mamlaka hayo mwenyekiti anayo tayari, na anayatumia bila kuulizwa. Tiba ni kuyawekea mipaka: kila ombi la barua liandikwe kwenye daftari pamoja na saa lilipopokelewa, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, mtendaji wa mtaa, ambaye ni mtumishi wa umma, aweze kutia saini mwenyekiti asipokuwapo au asipotaka, na mahakama zikubali uthibitisho wa mwajiri, msikiti au kanisa pale ofisi ya mtaa inapokwamisha. Hayo hayahitaji kubadili Katiba. Yanahitaji waraka.

Kuna kundi jingine ambalo hata barua isingepaswa kulihusu, kwa sababu halikupaswa kukamatwa. Kanuni ya Adhabu bado ina makosa ya uzembe na uzururaji, urithi wa ukoloni uliotaka mtu mweusi aeleze kwa nini yuko mjini. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapahapa Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika na nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Kijana anayelala kwenye viti vya stendi kwa sababu basi lilifika usiku hana kosa lolote la maana. Hapa Bunge limechelewa.

Kwa wale watakaotiwa hatiani, mtaa bado una nafasi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu afanye kazi ya umma bila malipo akitokea nyumbani kwake. Kabla ya kuamua, mahakama hupokea taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na ofisa anayeiandaa huwauliza ndugu, viongozi wa mtaa na aliyekosewa. Mwenyekiti akijibu kwamba "huyo hatumtaki", kijana anakwenda gerezani na shule ya msingi yenye vyoo vinavyohitaji mikono inabaki hivyohivyo. Na kwa anayerudi baada ya kifungo, Manispaa ya Ubungo ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka mmoja kabla. Asilimia 4 ni ya vijana. Kikundi kinachompokea kijana aliyetoka gerezani kisinyimwe kwa sababu hiyo.

Mkutano wa mtaa wako ukiitishwa, baada ya ajenda ya takataka na ulinzi shirikishi, nyoosha mkono umuulize mwenyekiti mambo matatu: mwezi uliopita ofisi yake iliombwa barua ngapi za dhamana, ilitoa ngapi, na mwombaji wa mwisho alitozwa kiasi gani. Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.